Iceland walidai ripoti wakiwa bado uwanjani. Sisi tulidai nini Juni 2024?

Mwanzisha uzi:

Wanajukwaa, salamu. Kila mara mjadala wa uwajibikaji wa serikali unapozuka hapa Nairobi, iwe ni ndani ya matatu ya kwenda Rongai au kwenye foleni ya benki, hatimaye hujitokeza mtu akasema kwamba tuwaige watu wa Iceland, kwa sababu wao waliwafunga wakuu wote wa benki zao. Kauli hiyo ina ukweli, lakini imetiwa chumvi nyingi, na sehemu yenye manufaa kwetu ndiyo inayorukwa. Naomba niieleze kwa urefu.

Mwanzoni mwa Oktoba 2008, benki tatu kubwa za nchi hiyo, Glitnir, Landsbanki na Kaupthing, zilianguka kwa muda wa siku chache tu. Mali za benki hizo zilikuwa zimefikia takriban mara kumi ya pato la taifa zima, katika nchi yenye watu wapatao 320,000, ambao ni karibu sawa na wakazi wa Kaunti ya Tana River katika sensa yetu ya 2019. Serikali isingeweza kuziokoa hata kama ingetaka. Tarehe 6 Oktoba Waziri Mkuu Geir Haarde alihutubia taifa kwa televisheni na kumaliza kwa kumwomba Mungu aibariki Iceland, na bunge likapitisha sheria ya dharura siku hiyo hiyo. Sarafu yao, króna, ilipoteza karibu nusu ya thamani yake mwaka huo, mfumuko wa bei ukapita asilimia 18 mwanzoni mwa 2009, na familia zilizokuwa zimechukua mikopo iliyofungamanishwa na yen ya Japani au faranga ya Uswisi zikajikuta zinadaiwa takriban mara mbili ya kile zilichokopa.

Wananchi walianza kukusanyika kila Jumamosi katika uwanja wa Austurvöllur, mbele ya jengo la bunge mjini Reykjavík. Bunge liliporejea kutoka likizoni tarehe 20 Januari 2009, walikuja na sufuria, miiko na chochote kinachotoa sauti, na kabla ya wiki moja kupita serikali ya Haarde ilikuwa imeanguka. Hadithi inayosimuliwa huku kwetu huishia hapo, pamoja na picha ya wakuu wa benki wakiingia gerezani.

Jambo linaloachwa ni hili. Mnamo Desemba 2008, yaani wiki kadhaa kabla serikali ile haijaanguka, bunge lile lile lililokuwa likizomewa lilipitisha sheria mbili. Moja iliunda tume maalumu ya uchunguzi yenye uwezo wa kuona nyaraka zote, zikiwemo zile zinazolindwa na usiri wa benki. Nyingine iliunda ofisi ya mwendesha mashtaka maalumu kwa ajili ya makosa yaliyohusu kuanguka kwa benki. Watawala walikuwa wakisikia kelele za uwanjani wakati wanapiga kura hizo, na sidhani wangezipitisha kwa urahisi uwanja ungekuwa mtupu.

Tume ile ilikuwa na watu watatu tu: jaji wa mahakama ya juu, mchunguzi wa bunge anayepokea malalamiko ya raia dhidi ya serikali, na mwanauchumi aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Yale. Tarehe 12 Aprili 2010 walitoa ripoti ya majuzuu tisa, yenye kurasa zaidi ya 2,000, na wakawataja kwa majina na vyeo watu saba ambao tume iliona kwamba walizembea: waziri mkuu, waziri wa fedha, waziri wa biashara, magavana watatu wa benki kuu na mkuu wa mamlaka ya kusimamia taasisi za fedha. Ripoti iliuzwa madukani kama kitabu. Waigizaji wa jumba la maonyesho la jiji la Reykjavík waliisoma jukwaani kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, kwa zamu, mchana na usiku, kwa siku kadhaa mfululizo, na mwananchi aliyetaka kuingia akaketi na kusikiliza aliruhusiwa. Hebu mfikirie ripoti ya ukaguzi ya Wizara moja ya hapa kwetu ikisomwa namna hiyo katika Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza pale Harry Thuku Road.

Sasa tujitazame. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliingia bungeni kwa sababu ya Mswada wa Fedha uliolenga kukusanya shilingi bilioni 346 za ziada, wengine wakapigwa risasi na kufa. Kesho yake Rais akakataa kutia saini. Tarehe 11 Julai akawafuta kazi takriban mawaziri wote, na kabla mwezi haujaisha baadhi yao walikuwa wamependekezwa tena. Kufikia Desemba, sheria mpya ya marekebisho ya kodi ilikuwa imesainiwa ikiwa na baadhi ya mambo yaliyokuwa kwenye mswada ule ule. Tuliondoa mswada na tukaondoa watu, lakini hatukuondoka na sheria yoyote inayomlazimisha mtu kufungua majalada ya deni la taifa na kutuambia nani alikopa, kwa idhini ipi, na fedha zilifanya kazi gani. Nasema haya bila kuwadharau waliotoka. Nauliza tu kama kuna mtu anayekumbuka tulidai chombo gani cha uchunguzi wakati ambapo walioko madarakani walikuwa bado na hofu.

Mchangiaji wa Kasarani:

Ndugu, umeandika vizuri, lakini unalinganisha visivyolinganika. Nchi ya watu laki tatu ni sawa na kijiji kikubwa. Wanajuana, wana lugha moja, hawana mambo ya kabila, na waziri mkuu unaweza kukutana naye dukani akinunua maziwa. Sisi tuko zaidi ya milioni 50, na kiongozi akiguswa leo, kesho watu wa kwao wanaambiwa kwamba jamii nzima imeguswa. Kwa nchi kubwa kama yetu, uwajibikaji wa namna hiyo ni ndoto.

Mwanzisha uzi:

Nakushukuru, ndugu wa Kasarani, kwa sababu hoja hii husemwa kila mara na nilitaka isemwe mapema. Mimi naona udogo wao ulikuwa kikwazo. Katika nchi ya watu laki tatu, jaji amesoma na wakili, wakili ameoa dada wa mkurugenzi wa benki, na mkurugenzi wa benki anafadhili timu ya mtoto wa mwandishi wa habari. Nafasi ya mwendesha mashtaka maalumu ilipotangazwa mara ya kwanza, hakuna aliyeomba. Muda ukaongezwa, na hatimaye akateuliwa Ólafur Hauksson, mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Akranes, mtu ambaye hakuwa na uzoefu wa kesi kubwa za fedha. Faida yake kubwa ilikuwa kwamba hakuwa ndani ya mzunguko ule wa marafiki wa Reykjavík. Mwaka 2009 walimwongezea mshauri kutoka nje, Eva Joly, mzaliwa wa Norway aliyepata sifa kama hakimu mchunguzi wa kesi za rushwa nchini Ufaransa. Ofisi iliyoanza na watu wachache ikakua hadi wafanyakazi zaidi ya mia moja.

Kwa hiyo walilijua tatizo lao la kujuana na wakaliwekea dawa kwa kumtafuta mtu wa pembeni na kumpa bajeti. Sisi nasi tunalijua tatizo letu la ukabila miaka nenda miaka rudi, ila tunalitumia kama sababu ya kutofanya lolote.

Na hawakufungwa "wote". Kesi maarufu zaidi ilikuwa ile ya wakuu wa Kaupthing na mwenye hisa wake mmoja mkubwa, waliofanya ionekane kwamba mwekezaji wa Qatar amenunua hisa za benki kwa fedha zake, kumbe fedha zilitoka kwa benki yenyewe. Mahakama ya juu iliwahukumu wanne Februari 2015, vifungo vya kati ya miaka minne na mitano na nusu. Tangu benki ianguke hadi hukumu hiyo ilikuwa imepita miaka zaidi ya sita. Uwanja ulikuwa umeshasahau sufuria, lakini ofisi iliendelea kufanya kazi kwa sababu sheria iliyoiunda ilikuwa hai.

Mhasibu wa kaunti:

Wanajukwaa, naomba niseme kutoka ndani, bila kutaja nilikofanya kazi. Si kweli kwamba Kenya haina ripoti. Kifungu cha 229 cha Katiba kinamtaka Mkaguzi Mkuu atoe ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, na bunge, au bunge la kaunti, liijadili na kuchukua hatua ndani ya miezi mitatu baada ya kuipokea. Kifungu cha 226 kinasema wazi kwamba afisa wa umma anayeidhinisha matumizi kinyume cha sheria atawajibika kwa hasara hiyo, awe bado yuko ofisini au ameshaondoka. Kwenye karatasi tuko mbele ya mataifa mengi.

Tatizo huanza pale hoja ya ukaguzi inapoletwa mezani. Mkaguzi anauliza: masurufu haya yalichukuliwa kwa ajili ya safari ya kikazi, ripoti ya safari iko wapi, hati za usafiri ziko wapi, kwa nini hayajarejeshwa? Niliona faili la namna hiyo likizunguka kutoka meza moja hadi nyingine, kila mmoja akiandika pembeni "tafadhali shughulikia" na kutia saini, hadi mkaguzi akaondoka. Baadaye stakabadhi zinapatikana, nyingine zikiwa na mwandiko mmoja, ingawa zinadaiwa kutoka hoteli tatu tofauti. Kamati ya bunge inapokuja kulijadili suala hilo, afisa husika ameshahamishwa, na aliyepo anasema kwa unyenyekevu mkubwa, "Mheshimiwa Mwenyekiti, nimeingia ofisini hivi karibuni." Hoja inafungwa.

Ripoti zetu ni nyingi mno na hazina mwenyewe. Ile ya Iceland ilikuwa moja, kuhusu tukio moja, na nyuma yake alikuwepo mwendesha mashtaka aliyekuwa anaisubiri.

Mwanzisha uzi:

Mhasibu, umegusa nilipotaka kufika. Kumbuka pia kwamba Julai 2024 Rais aliunda jopo kazi la kukagua deni la taifa, na Mahakama Kuu ikalisimamisha baada ya walalamishi kudai kwamba Katiba imempa kazi hiyo Mkaguzi Mkuu. Kisheria huenda walikuwa sahihi, na mimi siungi mkono jopo linaloundwa na yule yule anayepaswa kuchunguzwa. Lakini baada ya hapo hakuna aliyerudi barabarani kudai kwamba basi Mkaguzi Mkuu apewe fedha, wataalamu na sheria ya kumwezesha kuikamilisha kazi hiyo. Watawala wetu wanajua kwamba kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi, mradi tu mlango wenyewe ufungwe tena asubuhi.

Mama wa Buruburu:

Mimi nitauliza kuhusu uchumi, kwa sababu hayo ya kufunga watu hayanirudishii changu. Benki niliyokuwa nimeweka akiba ilifungwa wakati ule benki kadhaa zilipofungwa hapa nchini mwaka 2015 na 2016. Wakati huo bima ya amana ilikuwa inalipa shilingi 100,000 tu kwa kila mteja. Ilipandishwa hadi 500,000 mwaka 2020, sisi tukiwa tumeshaumia. Nilikuwa nikienda pale tawini na kukuta tangazo lile lile limebandikwa kwenye kioo, na mlinzi, kijana mwenye adabu, anatuambia, "Mama, hata mimi mshahara wangu umo humo humo." Je, hao wa Iceland walipata akiba zao? Na aliyelipa gharama ni nani?

Mwanzisha uzi:

Pole sana, Mama. Swali lako ndilo wao walilolipigania kwa miaka mitano.

Wenye amana wa ndani walipata fedha zao zote. Sheria ile ya dharura iliwaweka mbele ya wadai wengine, benki zikagawanywa, shughuli za ndani zikahamishiwa benki mpya, na madeni makubwa ya nje yakaachwa kwenye mabaki ya benki za zamani. Hasara kubwa ikawaangukia wakopeshaji wa kigeni. Nchi ilichukua mkopo wa dola bilioni 2.1 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, na ikazuia fedha za kigeni kuondoka nchini kiholela, zuio lililodumu hadi Machi 2017. Kwa wale wanaosema kwamba masharti ya IMF hayaepukiki na hayana namna mbili: mpango wa Iceland uliruhusu zuio hilo, huduma za jamii zililindwa kadiri ilivyowezekana, na mwaka 2010 kodi ya mapato iliyokuwa ya kiwango kimoja ikawekewa viwango vitatu ili wenye kipato kikubwa walipe zaidi. Sisi, katika rasimu ya kwanza ya Mswada wa Fedha wa 2024, tulianzia kwenye kodi ya mkate.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa Icesave. Landsbanki ilikuwa imekusanya amana za watu zaidi ya 300,000 kule Uingereza na Uholanzi kupitia akaunti za intaneti zilizoitwa Icesave. Ilipoanguka, Uingereza ilitumia hata sheria yake ya kupambana na ugaidi kuzuia mali za benki hiyo, kisha nchi hizo mbili zikadai kwamba walipa kodi wa Iceland warudishe fedha zilizokuwa zimelipwa wateja wao. Bunge lilikubali. Wananchi wakakusanya saini zaidi ya 50,000, karibu robo ya wapiga kura, wakampelekea Rais Ólafur Ragnar Grímsson, naye Januari 2010 akakataa kutia saini.

Hapa ndipo naomba msome kwa makini, kwa sababu nasi tulikuwa na Rais aliyekataa kutia saini. Kwa mujibu wa kifungu cha 26 cha katiba ya Iceland, Rais akikataa kutia saini, sheria hupelekwa kwa wananchi waipigie kura. Kwa mujibu wa kifungu cha 115 cha Katiba yetu, Rais akikataa, mswada hurudi kwa wabunge, wale wale walioupitisha. Kura ya maamuzi ya Machi 2010 ilikataa mpango wa Icesave kwa takriban asilimia 93. Serikali ikajadiliana upya, ikapata masharti nafuu, bunge likapitisha, Rais akakataa tena, na Aprili 2011 karibu asilimia 60 wakaukataa huo nao. Walitishwa kwamba hakuna atakayewakopesha tena. Januari 2013 mahakama ya EFTA, jumuiya ya biashara huria ya baadhi ya nchi za Ulaya, ikaamua kwamba Iceland haikuvunja sheria, na kufikia 2016 mabaki ya Landsbanki yalikuwa yameshamaliza kulipa madai ya kipaumbele, yakiwemo ya Waingereza na Waholanzi, bila mlipa kodi kubebeshwa deni lile.

Lakini Mama, nisikufiche. Waliokopa nyumba waliteseka mno, wengi walipoteza kazi, na wapo waliohamia Norway. Bei ya vitu vya madukani ilipanda kwa sababu kisiwa kile huagiza karibu kila kitu isipokuwa samaki, nyama, maziwa na umeme.

Mzee wa Ngara:

Vijana, nimewasoma kwa subira. Sasa mniruhusu nimwage maji kidogo kwenye moto huu. Mwanzisha uzi, unatupambia bidhaa. Ripoti iliwataja mawaziri watatu, lakini bunge lilipopiga kura Septemba 2010 likaamua ashtakiwe mmoja tu, Haarde, kwa kura 33 dhidi ya 30, wenzake wakaponea chupuchupu. Mahakama ya kuwahukumu mawaziri iliyokuwepo kisheria tangu 1905 ikaketi kwa mara ya kwanza, na Aprili 2012 ikamtia hatiani kwa kosa moja la kutoitisha vikao vya baraza la mawaziri kuhusu mambo mazito, bila adhabu yoyote. Miaka michache baadaye akawa balozi wao Washington. Mkuu wa magavana wa benki kuu, Davíð Oddsson, ambaye aliwahi kuwa waziri mkuu, akawa mhariri wa gazeti kubwa. Katiba mpya iliyoandikwa na raia 25 iliungwa mkono na theluthi mbili ya waliopiga kura Oktoba 2012, na bunge halijaipitisha. Uchaguzi wa 2013 ukavirudisha madarakani vyama vilivyotawala wakati benki zinavimba. Sasa maoni ya umma yalishinda wapi?

Mwanzisha uzi:

Mzee wangu, shikamoo. Yote uliyosema ni kweli, na katiba ile ndiyo inayoniuma zaidi. Wananchi waliulizwa, wakajibu, na waliopaswa kutekeleza jibu hilo wakalikalia. Tazama lakini tofauti. Mahali ambapo umma ulikuwa na chombo chenye nguvu ya kisheria, kama kura ya Icesave au ofisi ya mwendesha mashtaka, matokeo yalifuata. Mahali ambapo kura ilikuwa ya ushauri tu, kama ile ya katiba, wanasiasa waliisubiri ipoe.

Naongeza pia kwamba umma haukulala moja kwa moja. Nyaraka za Panama, yaani siri zilizovuja kuhusu kampuni za ng'ambo, zilipofichua Aprili 2016 kwamba Waziri Mkuu Sigmundur Davíð Gunnlaugsson aliwahi kumiliki, pamoja na mkewe, kampuni iliyosajiliwa ng'ambo yenye madai dhidi ya benki zile zilizoanguka, maelfu walirudi Austurvöllur tarehe 4 Aprili, na kesho yake akang'atuka kwenye kiti hicho. Mwaka 2022 serikali ilipouza sehemu ya hisa zake katika benki ya Íslandsbanki kwa wawekezaji teule, ikabainika kwamba babake Waziri wa Fedha Bjarni Benediktsson alikuwa miongoni mwa wanunuzi. Mchunguzi wa bunge akasema Oktoba 2023 kwamba waziri hakustahili kuidhinisha mauzo hayo, na waziri akajiuzulu wizara hiyo.

Mzee wa Ngara:

Akajiuzulu akaenda wapi, mwanangu?

Mwanzisha uzi:

Wizara ya Mambo ya Nje, Mzee, siku chache baadaye. Na Aprili 2024 akawa Waziri Mkuu, licha ya raia zaidi ya 40,000 kutia saini kumpinga. Katika uchaguzi wa Novemba mwaka huo vyama vyote vitatu vya serikali yake vilipoteza viti.

Mhasibu wa kaunti:

Basi mimi nina ombi dogo kwa walio kwenye uzi huu. Mkaguzi Mkuu akishatoa ripoti ya kaunti yako, isake kwenye tovuti ya ofisi yake, chagua hoja moja tu yenye kiasi cha fedha na jina la mradi unaoujua, kisha mwandikie karani wa bunge la kaunti umuulize ilijadiliwa tarehe gani na azimio lilikuwa lipi. Haki ya kupata habari iko katika kifungu cha 35 cha Katiba, na sheria ya 2016 inawapa siku 21 za kujibu. Mimi nitaanza na hoja ya zahanati ambayo nilikuwa napita kando yake kila siku, ambayo kwa mujibu wa vitabu ilikuwa imeshapauliwa.